Kioo kinashuka vizuri, kupanda hakitaki: ninunue mota au swichi?

Swali: Fundi, shikamoo. Nina Toyota IST, naishi Goba. Kioo cha mbele upande wa abiria kinashuka bila tatizo, lakini kupanda kinajivuta, kikikaribia juu kinasimama na kuacha nafasi ya vidole viwili kwenye kona ya nyuma. Nikikisaidia kwa kiganja huku nimevuta swichi kinafunga. Fundi wa kwanza kasema mota imekufa, wa pili kasema swichi ya dereva ndiyo mbovu. Na cha dereva nacho, tangu niwekewe zile plastiki za kuzuia mvua juu ya madirisha, kuna wakati kinapanda hadi karibu kufunga halafu kinarudi chini chenyewe. Masika yapo njiani. Ninunue nini kwanza?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Mota usinunue, na swichi nayo iache dukani kwanza. Kwa hivyo ulivyoeleza, umeme unafika na mota inazunguka. Kinachoshindikana ni kioo kupita kwenye njia yake, hasa upande wa nyuma. Kazi ya namna hiyo mara nyingi huishia kwenye kitambaa, maji ya sabuni na kopo la silikoni ya kupuliza, yaani kilainishi, si ile gundi ya kuzibia. Ikigoma hapo, basi ni bolti iliyolegea au kijiplastiki kilichovunjika ndani ya mlango. Ila sitaki uniamini kwa maneno tu, maana umeshapewa maneno na mafundi wawili. Kuna vipimo vya kufanya kabla ya kutoa hela, na vingi utavifanya mwenyewe hapo hapo unapoegesha.

Kila mlango una mota moja tu, na hiyo hiyo ndiyo inayopandisha na kushusha. Swichi kazi yake ni kugeuza umeme: ukibonyeza chini, chanya inapita waya huu na hasi ule, ukivuta juu, zinabadilishana na mota inazunguka kinyume. Mota inaendesha regulata, yaani ile mitambo ya chuma iliyobeba kioo kwa chini. Kuna regulata za mikono miwili iliyopishana, ambazo utazikuta kwenye Toyota nyingi za miaka ya nyuma, na kuna za kebo, ambapo waya mwembamba wa chuma unazunguka kwenye puli na kuvuta kibebeo cha plastiki kinachopanda kwenye reli. Kioo chenyewe kinateleza ndani ya mpira wenye mfereji, mmoja kingo ya mbele na mwingine kingo ya nyuma, na mpira huo unapanda hadi juu na kuzunguka fremu nzima ya dirisha.

Wakati wa kushuka, uzito wa kioo unaisaidia mota. Wakati wa kupanda, mota inabeba uzito huo na kushindana na msuguano wa mpira pande zote mbili kwa pamoja. Regulata za mikono huwa na springi ya kupunguza mzigo, na springi hiyo ikichoka au ikikatika kioo kinakuwa kizito kupanda hata kama kila kitu kingine ni kizima. Sentimita chache za mwisho ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu hapo kioo kimeshabanwa mbele na nyuma na sasa kinatakiwa kijichomeke kwenye mpira wa juu. Ndiyo maana karibu kila kioo chenye msuguano huanza kugoma pale pale kinapogoma chako.

Sasa tuwape mafundi wako haki yao. Wa kwanza hakusema kitu cha ajabu. Mota ambayo kaboni zake, vile vipande vinavyoipelekea umeme ndani, zimeisha inaweza kushusha vizuri na kushindwa kupandisha, na dalili hiyo inafanana na yako. Lakini mota iliyochoka haikiinamishi kioo. Kikisimama, kinasimama kimenyooka, na mara nyingi leo kitasimama katikati, kesho robo, keshokutwa kitapanda chote. Chako kinasimama mahali pale pale, tena kimeinama. Fundi wa pili ndiye aliyeniacha mdomo wazi. Swichi iliyoungua midomo yake ya shaba, pale umeme unapogusana, hukatakata: leo inashika, kesho haishiki, ukiibonyeza kwa nguvu au kwa pembeni inakubali. Swichi haijui kona ya nyuma ya kioo iko wapi.

Anza na vipimo hivi. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini, pandisha kioo, uone kinasimama wapi. Halafu washa injini, urudie. Injini ikiwa imezimwa betri nzima ina kama volti 12.6, injini ikinguruma alteneta, ile inayochaji betri, inapandisha hadi karibu 14. Kama kwa injini kuzimwa kioo hakiendi na kwa injini kuwaka kinapanda hadi mwisho, umeme unapungua njiani na tutaufuata. Kama kinasimama pale pale mara zote mbili, tatizo ni la chuma na mpira.

Kipimo cha pili kifanye usiku, ni rahisi kuliko vyote na sijui kwa nini watu hawakitumii. Washa taa ya ndani ya gari, vuta swichi, na kioo kikishakwama endelea kushikilia kwa sekunde moja au mbili huku unaitazama taa. Ikififia kidogo wakati kioo kimekwama, mota inakula umeme mwingi na inahangaika. Maana yake swichi, waya na fyuzi vinaufikisha. Kama taa haitikisiki na mota iko kimya kabisa, hapo umeme haujafika na fundi wa pili anaanza kuwa na hoja. Usishikilie kwa muda mrefu. Mota hizi nyingi zina kinga ndani inayokata umeme zikipata joto kupita kiasi, na ukiirudia rudia itazima kabisa kwa dakika kadhaa. Nimeona watu wamenunua mota nyingine katika dakika hizo, wakati ile ya zamani ilikuwa inapoa tu.

Kipimo cha tatu: kipandishe kwa swichi ya mlango wa abiria wenyewe, kisha kwa ile ya upande wa dereva. Ikiwa zote zinatoa matokeo yale yale, kwa kawaida swichi zote mbili hazina kosa. Ikiwa moja inapandisha vizuri na nyingine inasuasua, umempata mbaya wako. Hapa kuna mtego mmoja: kwenye magari mengi yenye mfumo wa kawaida wa waya, umeme wa swichi ya abiria unamalizia safari yake kwa kupita ndani ya swichi ya dereva. Kwa hiyo swichi ya dereva ikiungua, kioo cha abiria kinaweza kugoma kwa swichi zote mbili. Lakini kugoma kwa aina hiyo ni kugoma kabisa au kwenda mwendo wa kobe tangu chini hadi juu, si kukwama kona moja.

Cha nne ni kiganja chako, ambacho bila kujua umeshakitumia. Mwombe mtu avute swichi, wewe shika kioo kwa viganja viwili, kimoja ndani kimoja nje, na ukisukume kidogo kuelekea mbele, kisha kuelekea nyuma, halafu uinue ile kona ya nyuma. Ukiona kwamba kuinua kona ya nyuma tu ndiko kunakokiachia, ujue kioo kinapinda ndani ya mifereji yake kama droo ya kabati inayosukumwa kwa kona moja: nguvu ipo, ila inakwenda kwenye kujibana badala ya kwenda mbele.

Kwa nini kinabana? Unaishi Goba, na barabara za ndani za Goba sote tunazijua. Vumbi linakaa kwenye kioo, kioo kikishuka kinalipeleka ndani ya mfereji wa mpira, ikinyesha linakuwa tope, na jua la kaskazi likiwaka linakauka humo humo. Mpira wenyewe ndani una kitu kama manyoya mafupi laini, ndiyo yanayofanya kioo kiteleze. Manyoya hayo yakijaa mchanga yanakuwa msasa. Zaidi ya hapo mpira wa gari linaloshinda juani mchana kutwa unakuwa mgumu na kusinyaa, na mara nyingi kona ya juu ndiyo inayochomoka na kukunjamana. Kwa hiyo kabla ya kusafisha, shusha kioo chote, pitisha kidole kwenye mfereji kuanzia chini hadi kona ya juu, mbele na nyuma. Tafuta mahali ulipochomoka, ulipojikunja, au ulipochanika. Nisingeshangaa ukikuta kipande cha mpira kimejikunja pale nyuma juu, kioo kinakigonga kila kikifika.

Kusafisha hakuhitaji gereji. Chukua kijiti bapa, hata rula ya plastiki ya mtoto wa shule, kizungushie kitambaa cha pamba, kichovye kwenye maji yenye sabuni ya vyombo kidogo, na usugue ndani ya mfereji, mbele, juu na nyuma. Badilisha kitambaa kila kikiwa cheusi; utashangaa kinachotoka. Safisha pia kingo za kioo chenyewe na ile midomo ya mpira iliyoko kwenye mkanda wa dirisha, pale kioo kinapozama mlangoni. Kama una tinti, angalia kama kingo yake imebanduka, kwa maana tinti iliyokunjika au gundi yake iliyoyeyuka inakamata mpira vibaya sana. Acha pakauke vizuri, nusu saa juani inatosha, kisha puliza silikoni ya kopo ndani ya mfereji. Ina mrija mwembamba mwekundu, utumie, na weka kitambaa nyuma yake isirukie kioo na rangi. Halafu shusha na kupandisha kioo mara kadhaa, ukikisaidia kwa kiganja mwanzoni, na mwishoni ufute michirizi kwenye kioo.

Ni silikoni, si oili. Nasisitiza kwa sababu Dar kila mtu ana dawa yake: mmoja anaweka oili ya injini, mwingine grisi, mwingine mafuta ya taa, mwingine WD-40 kwa kuwa ipo kwenye buti. Vyote hivyo vinateleza siku ya kwanza na utamsifu aliyekushauri. Oili na grisi zinakamata vumbi na kuligeuza kuwa uji mzito, na mafuta ya jamii ya petroliamu yanaweza kuuvimbisha au kuulainisha mpira, ukabana kuliko mwanzo. Wazee wa gereji walikuwa wanapitisha sabuni ya mche kavu kwenye mfereji. Hiyo haina madhara, na kwa kukufikisha nyumbani inafaa, ila mvua moja tu inaiosha.

Kama baada ya kusafisha kioo kinapanda vizuri na kunyooka, umemaliza. Rudia silikoni kabla ya masika na kabla ya vuli. Kama kimepata mwendo mzuri lakini bado kinafika juu kimeinama, lazima mlango ufunguliwe.

Kazi hii mpe fundi, lakini simama naye, kwa sababu sehemu muhimu ndiyo wanayoiruka. Atafungua skrubu zilizofichwa, moja huwa ndani ya kishikio cha kuvutia mlango na nyingine nyuma ya kitasa cha ndani, ataachia klipu pembeni na kuinua paneli. Nyuma ya paneli kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Mwambie aibandue taratibu, asiichane. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Ikishafunguliwa, kabla ya kugusa mota, afungue bolti zinazoshika kioo kwenye regulata, mara nyingi ni za spana namba 10, ili kioo kibaki peke yake kwenye mpira. Mtu mmoja akipandishe na kukishusha kwa mikono. Kikiwa peke yake kinatakiwa kiteleze kwa nguvu ya kawaida, bila kukwama popote. Kikikwama kona ile ile, regulata na mota havihusiki hata kidogo, tafuta mpira au ile reli fupi ya chuma iliyoko chini ndani ya mlango inayoendeleza mfereji. Reli hiyo hushikwa na bolti moja au mbili, na bolti ikilegea reli inayumba na kioo kinapoteza mwelekeo. Kisha kioo kifungwe juu kwa tepu imara inayopita juu ya fremu ya mlango kutoka ndani hadi nje, na regulata iendeshwe tupu. Ikienda vizuri tupu, kwa kasi moja na bila mlio wa kusaga, mota yako ni nzima na mtu asikuuzie nyingine. Kipimo hiki kinachukua dakika chache, na kinatenganisha mambo ambayo kwa kubahatisha yangekugharimu spea mbili.

Kwa dalili yako ya kona ya nyuma kushuka, macho yangu yangekwenda kwanza kwenye bolti za kioo upande wa nyuma, halafu kwenye vile vijiplastiki vyeupe au vyeusi vinavyoteleza kwenye reli ya chini ya kioo. Vikivunjika, upande mmoja wa kioo unabebwa na mwingine unaburuzwa. Kama regulata yako ni ya kebo, tazama kama nyuzi za kebo zimeanza kufumka karibu na puli. Kebo iliyofumka ikikatika, kioo kinadondoka ndani ya mlango kwa kishindo, na huwa haichagui siku. Hapo badilisha regulata nzima. Kuunga kebo ni kupoteza muda.

Bolti zikifungwa upya, zisikazwe kioo kikiwa chini. Zishikwe kwa mkono tu, kioo kipandishwe hadi juu kikae chenyewe sawasawa kwenye mpira, ndipo zikazwe. Fundi akikaza kioo kikiwa chini, unaweza kuondoka na kioo kilichoinama kwa namna nyingine.

Kuna mambo mawili ya hatari na siyafanyii mzaha. Mkono wa mtu ukiwa ndani ya mlango, ufunguo utolewe au soketi ya mota ichomolewe. Mikono ya regulata inakata kidole bila kuuliza. Na kwenye regulata ya mikono yenye springi kubwa ya mviringo, mota isifunguliwe kabla mikono haijafungwa isisogee, kwa kuwa mota na gia yake ndiyo inayoizuia springi. Ukiifungua ovyo, mkono wa chuma unaruka kwa nguvu zote.

Kuhusu umeme nitasema machache, kwa kuwa sidhani ndiko tuliko. Kama vipimo vyako vimeonyesha umeme unapungua, fundi apime volti kwenye soketi ya mota wakati mota inafanya kazi, si ikiwa imechomolewa, kwa sababu waya uliobaki nyuzi mbili unaonyesha volti 12 nzuri kabisa usipobeba mzigo. Injini ikiwaka na mota ikivuta, ukipata chini ya volti 10 au 11, zinapotelea njiani. Mahali pa kwanza pa kutazama ni ule mpira uliokunjana kati ya mlango na nguzo ya gari, ambamo waya hupinda kila mlango unapofunguliwa. Kwenye magari yaliyotumika sana, nyuzi hukatika humo ndani huku ganda la nje likionekana zima. Kukatika huko pia kunasababisha kioo kufanya kazi mlango ukiwa wazi na kugoma ukifungwa, au kinyume chake. Jaribu hilo, ni bure. Swichi ya dereva ikifunguliwa na kukutwa na kutu ya kijani au weusi kwenye midomo ya shaba, inaweza kusafishwa na ikafanya kazi tena. Inapata shida kuliko nyingine kwa sababu dereva akilipia kitu dirishani kwenye mvua, maji yanaingilia hapo.

Tuje kioo chako mwenyewe, cha dereva. Hicho hakina ubovu wowote wa mota, kinafanya kazi iliyotengenezewa. Kioo chenye AUTO kinachopanda chenyewe kwa mguso mmoja kimewekewa kinga ya kutobana mkono au shingo ya mtoto. Kompyuta yake ndogo inasikiliza mzunguko wa mota. Mota ikipungua kasi kabla ya kufika juu, inadhani kuna mtu amebanwa na kukirudisha kioo chini. Kanuni za Ulaya na Marekani zinataka kioo cha namna hiyo kirudi kabla ya kubana kwa nguvu ya nyutoni 100, ambayo ni sawa na uzito wa kama kilo 10. Kwa hiyo hakihitaji kikwazo kikubwa kudanganyika.

Na kikwazo umekitaja mwenyewe. Plastiki za kuzuia mvua ziko za aina mbili: zinazobandikwa kwa gundi nje ya fremu, na zinazochomekwa ndani ya mfereji wa mpira wa juu. Kama zako ni za kuchomeka, zimepunguza nafasi ya kioo kuingia, kikifika pale kinakutana na ukinzani na kompyuta inakirudisha. Safisha na upulize silikoni kwanza. Ikiendelea, zitoe za mbele, uone kwa siku mbili tatu. Nijuavyo mimi zile za kubandika nje hazina usumbufu huo, ingawa wauzaji wa barabarani watakuambia zote ni sawa.

Baada ya kuzitoa, au siku yoyote betri ikichomolewa, AUTO inaweza kupoteza kumbukumbu ya mwisho wa kioo uko wapi. Kwenye Toyota nyingi unaikumbusha hivi: washa swichi ya gari, shusha kioo hadi nusu, vuta swichi juu mpaka kifunge kabisa, na usiachie, endelea kuvuta kwa sekunde chache baada ya kufunga. Magari mengine yanataka pia ukishushe hadi chini ushikilie, kisha ukipandishe ushikilie tena. Taa ndogo ya kwenye swichi ya dereva ikiwa inapepesa, ni yenyewe inakuambia kumbukumbu imepotea. Mafundi wa betri wengi hawasemi jambo hili, mteja anarudi kesho yake na kioo "kibovu".

Ikitokea mwisho wa yote kwamba kweli unahitaji spea, nenda Gerezani, Kariakoo, na uende na ile ya zamani mkononi. Ya kushoto haifungi kulia. Hesabu waya kwenye soketi: mota ya kawaida ina mbili, mota ya AUTO yenye kinga huwa na zaidi, na ukifunga yenye waya mbili upande wa dereva utapoteza AUTO hata kama inaingia kwenye matundu yale yale. Spea iliyotumika kutoka Japani mimi naipenda kuliko mpya feki, kwa sharti moja: ijaribiwe dukani kwa betri, izunguke kote kuwili, kabla hujatoa hela. Muuzaji akikataa kuijaribu, duka la jirani lipo.

Masika yakikukuta hujamaliza, kuna namna ya kufunga kwa usiku. Washa injini ili upate volti za kutosha, vuta swichi, na uinue kioo kwa viganja viwili ndani na nje, ukianza na kona ya nyuma. Kikishafika juu usikiguse tena. Chomeka kipande cha mpira mgumu kati ya kioo na mkanda wa dirisha kwa ndani, na umwambie kila anayepanda asibonyeze. Kisipofika, funika kwa nailoni pana kutoka juu ya paa na ubane kingo zake kwa mlango wenyewe, gundi ya tepu haishiki kwenye rangi yenye maji. Na kwenye foleni ya mataa simu isikae upande huo.

Ile karatasi ya nailoni ndani ya mlango niliyokuambia isichanwe ina kazi kubwa wakati huo. Maji ya mvua kuingia ndani ya mlango ni jambo la kawaida kwa gari lolote, hupita pembeni ya kioo na kutoka kwa vitundu vilivyoko chini ya mlango. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasiingie ndani ya gari. Fundi akiichana na kufunga paneli juu yake, utaanza kukuta zulia limelowa na utasema ni kioo hakifungi, kumbe kinafunga. Vitundu vyenyewe navyo huziba kwa vumbi, maji yanakaa, mota na regulata zinalala majini hadi zinaota kutu. Siku fundi anapofungua mlango, mwambie apitishe waya mwembamba kwenye vitundu hivyo, kisha mwaga jagi la maji kwenye kioo kilichofungwa na uone yanatokea chini. Yasipotoka, asifunge paneli.